Kura Moja ya Ngazi

Kosa la Mama Makochi lilikuwa kukubali jambo zito huku mdomo wake umejaa misumari. Fundi wa makochi yeyote atakuambia kwamba misumari midogo ya kukazia kitambaa hukaa mdomoni, kwa sababu mkono mmoja umevuta kitambaa, mwingine umeshika nyundo, na wa tatu Mungu hakutoa. Kaka yake alilijua hilo tangu zamani. Akiwa na neno ambalo hataki lijibiwe, alisubiri mpaka dada yake ainamie kiti, ndipo akaingia karakana na kuvuta kigoda.

"Kule kwenu viungani sina mtu," alisema siku hiyo. "Huku mjini mawakala ninao tele. Kule nikimweka mtu baki watamnunua kwa soda. Utanikalia wewe mwenyewe kwenye chumba cha kupigia kura, uniangalizie sanduku. Si ndiyo?"

Mama Makochi akaitikia kwa kichwa.

"Najua kule hawanipendi. Lakini hata wakininyima wote, ya kwako itakuwepo. Nikiona moja tu, nitajua ni ya dada yangu."

Akaitikia tena. Alipomaliza kutema misumari kiganjani, kaka alikuwa ameshavuka barabara, anasalimiana na wauza viatu.

Huyo kaka alikuwa anagombea udiwani, na alama yake ilikuwa Ngazi. Msimwone mtu mbaya. Wazazi wao walipofariki ndiye aliyeacha shule akabeba magunia sokoni ili mdogo wake apate kujifunza ufundi, na alipojenga nyumba yake ya mjini, chumba cha mbele kinachotazama barabara alimpa yeye awe na karakana, bila kumdai kodi hata siku moja. Ila alikuwa na hasira za kudumu. Binamu yao aliwahi kumpinga mbele za watu kwenye kikao cha ukoo, na mpaka leo binamu akipita mbele ya nyumba hiyo, kaka hugeuza kiti kikatazama ukuta. Na mume wa Mama Makochi, mwalimu wa udereva, mtu mpole asiye na neno na mtu, hakuwahi kumwita shemeji. Alimwita "huyo dereva wako". Kosa la maskini huyo lilikuwa kuoa na kumhamisha mke wake kutoka mjini.

Sasa kata yenyewe ilikuwa na vichwa viwili. Mjini kulikuwa na soko, maduka, mafundi, na wapangaji waliojaa vyumba hadi ngazini, na hao walimpigia kaka bila kuulizana. Mvua ikinyesha, maji machafu yaliingia mpaka kwenye mafungu ya nyanya, na kaka alikuwa mtu pekee aliyevua viatu akaingia kwenye tope pamoja nao. Viungani zamani palikuwa na nyumba za kuhesabika na mashamba ya mihogo. Siku hizi ni mageti matupu, moja jeusi, moja la kijani, na nyuma ya kila geti kuna mtu aliyehama kutoka mjini. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo aliyempigia Ngazi akiwa mpangaji, akishajenga na kupanda maua, hubadilisha na kura yake pamoja na mapazia. Viungani walimtaka mkunga mstaafu, mama mmoja wa makamo mwenye alama ya Mwavuli, kwa sababu aliahidi jambo moja tu, kuezeka zahanati.

Zahanati hiyo ilisimama mwisho wa barabara ya Mama Makochi. Kuta zilikuwa tayari, madirisha yamekatwa, bati hata moja halipo, na mbuzi walilala kwenye chumba ambacho ramani ilikiita cha wazazi. Mama Makochi aliipita kila asubuhi na roho ikimuuma, maana binti yake wa mwisho alikuwa na pumu. Kifua kikimbana, walimpakia kwenye gari la shule ya udereva lenye breki mbili na herufi kubwa juu ya paa, wakakimbia hospitali ya mjini. Safari ya mwisho walikwama nyuma ya soko, maji yamejaa barabara, na mtoto akawa anavuta pumzi kwa mlio ambao mama yake bado aliusikia akiwa anagonga misumari. Walifika. Daktari aliwaambia wamefika kwa kudra tu.

Juma lililofuata kaka alihutubia sokoni. Akasema mabati ya kule kwa wenye mageti yangoje, pesa yote ya kata iingie kwanza kwenye mifereji ya soko. Watu wakapiga makofi. Mama Makochi alikuwepo, amesimama karibu na muuza ndoo, na alishtukia mikono yake mwenyewe inapiga makofi.

Siku ya kura alifika shule ya msingi ya viungani kabla ya mlango kufunguliwa. Wakala wa Mwavuli alikuwa mzee mstaafu wa posta, jina lake la mtaani Stempu, mtu wa utani na suti ya zamani. Msimamizi wa kituo alikuwa mwalimu wa jiografia mwenye mafua. Wakala wa Kengele, alama ya kijana mmoja mwenye duka la simu, alichelewa na alipokuja alisinzia. Wao mawakala walipiga kura mwanzo, ili wapate kukaa kwa utulivu.

Mama Makochi aliingia nyuma ya kile kibanda cha kadibodi, akaishika kalamu, akaitazama Ngazi. Aliitazama kweli. Alimwona kaka yake kijana, mgongo umeinama chini ya gunia. Kisha akasikia ule mlio wa kifua, na akatia alama kwenye Mwavuli, akakunja karatasi haraka na kuitumbukiza sandukuni.

Hakuwa mjinga. Alishapiga hesabu zake mapema. Viungani hawakai wenye mageti peke yao. Wako walinzi, wako wasichana wa kazi, wako watunza bustani, na wote hao aliwasikia kwa masikio yake wakimsifu kaka. Ngazi ingepata kura kadhaa hapa, na katika hizo kadhaa kaka angeichagua moja na kusema ni ya dada yake. Kura ni siri. Akajifariji hivyo, akakaa kwenye kiti kidogo cha wanafunzi, magoti yakigusa kidevu.

Walikuja wenye mageti, wamevaa vizuri, wakiulizana habari za visima na mbwa. Alasiri ndipo alipoingiwa na wasiwasi kwamba walinzi hajawaona. Aliomba ruhusa akatoka kunyoosha miguu, akamkuta mlinzi wa nyumba ya jirani amesimama nje ya uzio wa shule, anakula karanga.

"Mbona huingii kupiga kura, baba? Watafunga hawa."

"Nishapiga, mama." Mlinzi akamwonyesha kidole chenye wino. "Sisi sote tumejiandikisha kule mjini tunakokaa. Tuliwahi asubuhi, tukapiga, tukarudi kazini. Huku tunalinda tu."

"Sote nani?"

"Walinzi, wadada wa nyumbani, wote. Tumempa Ngazi, mama, usiwe na hofu."

Mama Makochi alimshukuru. Sijui alipata wapi sauti ya kumshukuru. Alirudi ndani. Sasa alielewa kilichomo ndani ya lile sanduku, au tuseme kisichokuwamo. Ikiwa hakuna hata mmoja aliyempigia Ngazi katika chumba hiki, basi siri yake ilikuwa imebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Wakala wa mtu anakaa kituoni kutwa nzima, halafu mtu wake anapata sifuri. Hata mtoto wa chekechea angejua aliyemsaliti ni nani.

Alikuwa bado amekodoa macho kwenye sanduku mume wake alipoingia, amemshika mkono yule binti wa pumu. Foleni ilikuwa imepungua. Mume alitoa kitambulisho, akapewa karatasi, kisha akageuka akamtazama mke wake usoni, kwa jicho la mtu anayesikiliza injini yenye hitilafu. Mama Makochi akainamisha macho. Kutoka kwa huyu hakutegemea kitu. Mwalimu wa udereva alishasema mezani kwake, mbele ya mkewe, kwamba Ngazi hatampigia hata akiwekewa kisu shingoni, na neno lake halikuwa na kona. Alikaa nyuma ya kadibodi muda mrefu kuliko kawaida. Msimamizi akakohoa. Mwishowe alitoka, akatumbukiza kura yake, akamwambia mtoto amuage mama yake, wakaondoka.

Mlango ulipofungwa, msimamizi akalivunja lakiri la sanduku na kumwaga karatasi mezani. Utaratibu wao ulikuwa wa wazi: anafungua karatasi moja, anaiinua mawakala waione, anaitaja, anaiweka kwenye fungu lake.

"Mwavuli," akasema. "Mwavuli. Mwavuli. Kengele. Mwavuli."

Mama Makochi alikuwa anaandika vijistari kwenye daftari lake. Upande wa Mwavuli vikajaa mstari wa kwanza, vikahamia wa pili. Upande wa Ngazi palikuwa peupe. Alijikaza. Karatasi bado zilikuwa nyingi, na hakuna anayejua watu wanafanya nini nyuma ya kadibodi.

"Mwavuli. Kengele. Mwavuli. Hii imeharibika, amechora moyo. Mwavuli."

Stempu akacheka kidogo kuhusu ule moyo, kisha akamtazama jirani yake na kuacha kucheka. Alikuwa mzee mwenye utu. "Pole, mama," alinong'ona. "Siasa za huku ndivyo zilivyo. Lakini ya kwako imo humo, itatoka tu."

Neno hilo lilimchoma kuliko matusi. Itatoka tu. Fungu lile la karatasi zisizofunguliwa lilizidi kupungua. Kila msimamizi alipoinua moja, Mama Makochi aliomba kimoyomoyo, na huku akiomba alijionea haya, maana anamwombaje Mungu amletee kura aliyoikataa mwenyewe? Akawaza jinsi kaka atakavyoipokea ile sifuri. Hatapiga kelele, hana tabia hiyo. Atageuza kiti. Kiti cha kaka kikishatazama ukuta hakigeuki tena, na nyuma ya kiti hicho kutakuwa na karakana, na gunia lile la zamani, na mtu pekee duniani anayekumbuka sauti ya mama yao.

"Mwavuli. Mwavuli. Mwavuli."

Zilibaki chache, za kushikika kwa mkono mmoja. Msimamizi akasimama kupenga kamasi. Alipenga kwa raha zake, akaikunja leso, akaitia mfukoni, na Mama Makochi nusura ainuke amnyang'anye hizo karatasi.

"Mwavuli," msimamizi akasema. Akafungua nyingine, akaitazama, akaigeuza juu chini kama asiyeamini. "Ngazi."

Hata yule wakala wa Kengele aliamka. Stempu alimpigapiga Mama Makochi begani, msimamizi akatabasamu na kuiweka ile karatasi peke yake upande wa kushoto. "Haya mama, huondoki mkono mtupu," alisema. Zilizobaki zote zilikuwa Mwavuli. Matokeo yakajazwa, wakatia sahihi, yakabandikwa mlangoni: Ngazi, moja.

Mama Makochi alitembea kwenda nyumbani akiwa mwepesi, kisha kila hatua ikamrudishia uzito. Ameokoka. Lakini nani? Aliwapitia majirani mmoja mmoja, geti jeusi, geti la kijani, na hakumpata. Alipofika kwake alimkuta mume wake anamkorogea mtoto uji, na mara akakumbuka ule muda mrefu nyuma ya kadibodi. Akasimama mlangoni.

"Ni wewe," alisema.

Mume hakugeuka. "Funga mlango, upepo huo si mzuri kwa mtoto."

"Uliapa hutampigia."

"Niliapa." Akaendelea kukoroga. "Wewe ukiwa na jambo unakula umesimama. Wiki nzima hii umekula umesimama, na macho yako yako kwenye kifua cha mtoto. Nilijua utampa nani. Na leo nilivyokuona pale mezani nikajua kwamba hakuna mwingine aliyempa kaka yako. Mwavuli huku anazo za kumwaga, ya kwangu isingempunguzia kitu. Ile sifuri ungeibeba wewe."

Mama Makochi alikaa chini, akalia kwa kwikwi. Aliona aibu na alimpenda, vyote pamoja, na hakujua kipi kinamliza.

Asubuhi redio ilitangaza. Mjini Ngazi ilikuwa imejaa kama kawaida, lakini viunga vimekua, na watu wa viungani walijitokeza hata wagonjwa. Kaka alishindwa kwa kura chache. Jua halijapanda vizuri, geti likagongwa, naye akaingia, koti lile lile la mikutano, macho mekundu. Hakutaka kukaa. Mama Makochi alimmiminia chai, kikombe kikabaki mezani.

"Nimepita pale shuleni," kaka alisema. "Nimeyaona yale matokeo. Moja." Akainua kidole kimoja. "Wamenigeuka wote. Watu niliowazikia wazazi wao, wamehamia huku, wamenigeuka. Ila wewe. Mdogo wangu, nimesimama pale mlangoni nikalia mbele ya watoto wa shule."

Mama Makochi alishika ukingo wa meza. Angenyamaza tu, mambo yangekwisha. Hakutakiwa hata kusema uongo. Alitakiwa kuitikia kwa kichwa, kazi aliyoizoea.

Mume wake alitokea chumbani, amembeba mtoto. "Shikamoo, kaka. Pole sana."

Kaka hakuitikia. Alimtazama dada yake, akamnyooshea kidole mumewe. "Na huyu dereva wako ndiye aliyenimaliza. Najua. Amewazungusha watu wa huku kwenye lile gari lake akiwasemea mabaya juu yangu. Sikiliza. Leo hii unafunga mizigo, unamchukua mtoto, mnarudi mjini kwangu. Ghorofani kuna chumba. Mtu huyu asije kwangu, na nikifa asije kunizika."

Mwalimu wa udereva alisimama tu, mkono wake ukimpapasa mtoto mgongoni. Angeweza kujitetea kwa neno moja. Alimtazama mkewe, akatikisa kichwa taratibu kumkataza, kisha akageuka kurudi chumbani.

Hapo ndipo Mama Makochi alipogundua kwamba mdomoni hana msumari hata mmoja.

"Kaka," alisema. "Ile kura si yangu."

"Nini?"

"Ile kura moja uliyoililia ni ya huyu. Ya kwangu niliipa Mwavuli. Nilimpa kwa sababu ya zahanati, kwa sababu ya mtoto, na hukuwahi kuniuliza. Huyu alijua nimekunyima, akakupigia yeye ili nisiumbuke mbele yako. Ukitaka mtu wa kumfukuza, nifukuze mimi."

Mume alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, na pumzi za mtoto zilisikika, na ule mlio mwembamba ndani yake, mdogo, wa asubuhi zenye baridi. Kaka aliusikia. Mama Makochi alimwona anausikia, na kwa muda kidogo uso wake ukawa wa yule kijana wa magunia. Halafu ukajifunga.

Mama Makochi alivua ufunguo wa karakana kutoka shingoni, alikoutundika kwa uzi wa kushonea makochi, akauweka mezani karibu na chai iliyopoa. Kaka aliutazama. Hakuuchukua, wala hakuusogeza kumrudishia. Alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akageuka, na akampita dada yake karibu kabisa, koti likamgusa bega, bila kumtazama.

Alisimama mbele ya mwalimu wa udereva. Walitazamana wanaume wale wawili, mtoto katikati yao. Kaka akainua mkono, akaugusa mguu wa mtoto uliokuwa unaning'inia, akaushika kidogo, akauachia.

"Shemeji," alisema, "nifungulie geti."

Mwalimu wa udereva alimkabidhi mke wake mtoto, akatoka na shemeji yake. Mama Makochi alibaki amesimama pale mezani, akisikiliza viatu vya kaka yake vikipita kwenye kokoto, na baadaye komeo.